Namba za Kwenye Daftari la Shangazi

Soko Kuu la Kariakoo liliungua usiku wa Julai 10, 2021. Kizimba cha shangazi yangu kilikuwa humo, pamoja na magunia matatu ya dagaa wa Kigoma yaliyoingia wiki hiyohiyo. Asubuhi tulikwenda, tukasimama nyuma ya umati, tukauangalia moshi mpaka macho yakawasha. Kisha tukapanda daladala kurudi Tabata. Njia nzima shangazi alikuwa ameukumbatia mkoba wake, na ndani ya mkoba lilikuwamo daftari.

Nalitaja daftari mapema kwa sababu karibu kila nilichokuja kujifunza kuhusu kuuza kwa simu kilikuwa kimeshaandikwa mle. Mimi sikukiona kwa muda wa karibu mwaka mzima.

Lilikuwa kaunta buku nene, gamba limefungwa kwa selotepu. Miaka kumi na moja ya mali kauli. Kila mteja ana jina, mtaa, namba ya simu, na pembeni neno moja au mawili. "Mama mwalimu, Segerea, hataki vichwa vilivyovunjika." "Baba wa gereji, Buguruni, analipa tarehe 27." "Dada wa benki, Desemba tu, anapeleka Tanga." "Mama Ujiji, Magomeni, anajua dagaa." Hilo la mwisho alikuwa amelipigia mstari.

Wafanyabiashara wenzake walitafutiwa nafasi katika masoko mengine ya mjini. Yeye alisema magoti hayamruhusu kuanza upya kwenye soko la ugenini. Mimi nilikuwa nimetoka Ujiji miaka miwili nyuma kuja kumsaidia, na mjomba wangu yuko Kibirizi, hukohuko Kigoma, ndiye anayetununulia mzigo mwaloni na kuupakia kwenye basi. Nikamwambia, "Shangazi, nipe mtaji mdogo, nitauza dagaa kwa simu." Akanipa.

Nilifungua ukurasa wa Instagram usiku uleule. Niliangalia maduka makubwa yanavyofanya, nikaiga. Picha nikaokota mtandaoni, dagaa wanang'aa kama fedha, wamepangwa kwenye sahani nyeupe na kipande cha limau. Chini nikaandika: "Bei njoo DM. Mikoani tunatuma." Baada ya wiki tatu nilikuwa na wafuasi sitini, nusu yao tumesoma pamoja. Nikaamua kusponsa tangazo. Nikaweka shilingi elfu 50, hela ya kilo karibu mbili za dagaa wakati ule, na kwangu ilikuwa hela nyingi sana.

Instagram iliniuliza nataka watu wafanye nini: watembelee ukurasa wangu, waende kwenye tovuti, au wanitumie ujumbe. Nikachagua ukurasa. Ikaniuliza wapi, nikaweka Tanzania nzima. Umri, wote. Kwa siku tano simu haikutulia. Laiki zilimiminika, wafuasi wakapita mia saba, nami nikawa naamka usiku kuhesabu. Komenti zilikuwa neno moja likijirudia: "Bei?" Mmoja aliuliza kama tupo Mwanza. Tangazo lilipoisha nilikuwa nimeuza kilo mbili, na aliyenunua alikuwa dada wa benki, ambaye namba yake ilikuwa kwenye daftari tangu mwaka 2014.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba tangazo halikuniibia. Lilifanya nililoliomba. Niliomba watembeleaji, likaniletea watembeleaji, tena kutoka nchi nzima, wakati mimi nina bodaboda mmoja anayefika Ukonga na Kimara. Siku hizi nikiweka hela huchagua ujumbe, na huchora duara dogo linaloishia pale ambapo nauli ya boda bado mteja anaweza kuikubali bila kuguna. Wanaofika ni wachache. Wanauliza, "Mtaniletea leo?"

Lakini kabla ya kufika huko ilibidi nishughulike na hiyo "Bei?"

Jioni moja nilikuwa namsomea shangazi komenti. Akaniuliza, "Mbona wote wanauliza bei?"

"Ndiyo waje inboksi, shangazi. Wakija ndiyo tunaongea nao."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kariakoo bei nilikuwa naandika kwenye kipande cha boksi, nachomeka katikati ya dagaa. Asiye na hela anajipitia zake, haoni haya. Mwenye hela anasimama. Wewe unataka kila mtu akunong'oneze kwanza."

Sikumjibu kwa sababu alikuwa na haki. Mimi mwenyewe nikiona gauni mtandaoni na bei imefichwa, napita. Nahisi muuzaji atanipima: akiona picha yangu nimevaa vizuri atapandisha. Kesho yake niliandika bei chini ya kila picha, kilo, nusu, na robo. Robo lilikuwa wazo la shangazi pia, kwa ajili ya mtu asiyetufahamu anayetaka kuonja kwanza. Maswali yalipungua sana wiki ile, nikaogopa. Lakini waliobaki walikuwa wanatuma ramani ya nyumbani kwao.

Mwaka huohuo, Jumatatu ya Oktoba 4, nilipata somo jingine dogo. Saa kumi na mbili na kitu jioni Facebook, Instagram na WhatsApp vilizimika vyote kwa pamoja, dunia nzima, kwa karibu saa sita. Boda alikuwa mlangoni. Nilikuwa na oda tisa, na maelekezo ya nyumba sita yalikuwa kwenye inboksi ya Instagram ambayo haikufunguka. Dagaa walilala. Tangu siku ile kila oda naiandika kwa kalamu palepale inapoingia, hata kama mteja bado anaandika.

Sasa nifike kwenye lililoniuma zaidi.

Dagaa wa Kigoma huvuliwa usiku kwa taa, katika giza la mwezi. Asubuhi huanikwa. Wakianikwa kwenye vichanja vya wavu, wanakauka juu na chini, wanatoka safi. Wakianikwa chini ufukweni, wanaokota mchanga, na mchanga huo unajificha tumboni na kwenye matamvua. Huuoni mpaka utafune. Masika vichanja havitoshi. Jua likichomoza kidogo kila mtu anamwaga mzigo wake popote penye nafasi kabla mvua haijarudi, la sivyo wanaoza.

Aprili 2022 mjomba alinipigia: "Gunia hili moja limepita mchangani. Nimekueleza." Nilimsikia vizuri. Wakati huo nilikuwa nimeshaacha picha za kuokota, nina video yangu mwenyewe: namimina maji kwenye beseni jeupe lenye dagaa, nawachezesha kwa mkono, nawatoa, halafu naonyesha maji yaliyobaki, meupe, hayana kitu chini. Video ile ndiyo iliyokuwa inauza. Gunia la mchanga lilipofika, nikaiweka tena video ileile, ya mzigo wa Februari.

Dada mmoja wa Ukonga aliagiza kilo nne. Hakuniambia za nini. Zilikuwa za chakula cha arobaini ya mama yake.

Hakunipigia kunitukana. Alipiga picha chini ya sufuria, mchanga umetulia kama kahawa, akaiweka kwenye kundi lao la kikoba na kuandika mstari mmoja kwamba amenunua kwetu. Kabla ya magharibi picha ile ilikuwa imenifikia kutoka kwa watu wanne tofauti. Mmoja alikuwa mteja wangu, akaongeza: "Ni kweli?"

Niliandika ujumbe mrefu wa kuomba radhi, nikaufuta, nikaandika mwingine. Shangazi akaniambia niweke simu chini, tuvae tuondoke. Tulipanda daladala mbili mpaka Ukonga, tuna hela yake yote mkononi. Alitukaribisha, akatupa viti. Shangazi akamwambia, "Mwanangu, tumekuja kwa miguu yetu, tumekosa." Yule dada akazipokea hela, hakuzihesabu. Akasema, "Hela si kitu, mama. Watu wametafuna mchanga kwenye arobaini ya mama yangu." Sikuweza kuinua uso. Hajawahi kununua kwetu tena, na simlaumu.

Usiku ule niliweka stetasi bila picha ya kuvutia. Niliandika kwamba gunia lililopo lina mchanga kwa sababu ya mvua Kigoma, bei yake nimeishusha kwa theluthi, loweka na kuosha maji matatu au manne, na anayetaka wa kichanja asubiri wiki mbili. Nilijua nimeliua gunia. Liliisha kwa siku mbili. Mama Ujiji wa Magomeni alichukua kilo sita peke yake. "Mchanga unaoshwa," aliniambia kwenye simu, na hakuongeza neno. Nilipokata simu nikakumbuka ule mstari shangazi aliompigia kwenye daftari.

Tangu hapo kila mzigo una video yake. Natamka mwenyewe: leo tarehe fulani, mzigo wa Kibirizi, umeanikwa hivi, huu hapa. Maji yakitoka na uchafu nayaonyesha. Naipiga mlangoni asubuhi, mwanga wa nje, kitambaa cheupe, simu ya kawaida. Na ni fupi, sekunde kumi na tano haizidi, kwa sababu mteja mmoja aliniambia bila kunificha kwamba anapenda video zangu ila zinamla bando. Kununua bando ili utazame bidhaa ya mtu ni gharama, na mimi sikuwa nimewahi kulifikiria hilo kwa upande wa mteja.

Kuna jambo la WhatsApp ambalo laiti ningeambiwa mapema. Nilichukua namba zote za daftarini, mia mbili na kumi na nne, nikaziingiza kwenye orodha ya matangazo ili ujumbe mmoja uende kwa wote. Nikatuma. Wakajibu watu kumi na kitu. Nikatuma tena wiki iliyofuata, hivyohivyo. Nikaanza kuamini wateja wa shangazi wamemsahau, na nilimwambia hivyo, naye akakaa kimya siku nzima. Kumbe ujumbe wa namna ile humfikia tu mtu aliyeiseva namba yako kwenye simu yake. Namba yangu ilikuwa mpya. Walioiseva walikuwa hao kumi na kitu. Wengine wote hawakupata chochote. Hawakutusahau, hawakutusikia.

Basi nikaanza kazi ya kuomba kusevewa. Kila mfuko unaotoka naandika kwa mkono, kwa kalamu ya maki: namba yangu, na chini yake, "Niseve: Dagaa Shangazi." Mteja akishalipa namwambia, "Dada, niseve, mzigo mwingine ukifika nikushtue." Wale wa daftarini niliwapigia mmoja mmoja, watano kwa siku. Wazee nilianza na shikamoo, nikajitambulisha mtoto wa nani, nikawapa pole ya soko, kisha nikaomba. Wengi walishangaa kwamba shangazi yupo na bado anauza. Mama mwalimu wa Segerea alikuwa amehamia dagaa wa Mwanza kwa sababu hakujua amtafute wapi. Ilinichukua miezi miwili, na hakuna tangazo la kulipia lililowahi kutuletea nusu ya wateja tulioletewa na zile simu.

Nilipohamia WhatsApp ya biashara nikakuta ina lebo, unaweza kumbandika kila mteja alama yake. Nikakaa jioni nzima nawaza niweke alama gani. Mpya? Amelipa? Hazikunisaidia kitu. Ndipo nikalifungua daftari ukurasa wa kwanza na kuanza kunakili maneno ya pembeni kama yalivyo: analipa tarehe 27, Desemba tu, vichwa visivunjike, robo kila wiki. Shangazi alipita nyuma yangu akachungulia, akauliza, "Hayo si yangu?"

Kwa hayo nikajua pia wakati wa kusema. Wanaolipwa mshahara nawaandikia kuanzia tarehe 25. Stetasi naiweka saa sita mchana, mama anapoanza kuwaza cha usiku. Nilikuwa naiweka alfajiri kwa sababu ndipo mimi nilipokuwa na nafasi. Ikifika jioni imeshazikwa chini ya za watu wengine.

Matapeli nao walikuja, kama wanavyokuja kwa kila anayeanza kujulikana. Mtu alifungua ukurasa unaofanana na wetu, akachukua video zetu na sauti yangu humo ndani, akawa anadai hela kwanza. Baba mmoja wa Kibaha alinipigia akitetemeka, ametuma hela ya kilo tatu. Nilimwomba anisomee jina lililotokea alipotuma. Lilikuwa la mtu mwingine kabisa. Kuanzia hapo jina la Lipa Namba yetu limeandikwa juu kabisa ya ukurasa, na kila wiki narudia: ukiona jina jingine, simama. Ndani ya Dar es Salaam mteja hulipa mzigo ukiwa mkononi mwake, na boda haondoki mpaka mimi nimeangalia salio, maana meseji ya malipo mtu anaweza kuitunga. Wa mikoani nampigia picha mzigo na risiti yake pale stendi ya Magufuli, Mbezi, pamoja na namba ya basi.

Halafu ikaja Mei 2024.

Serikali ilikuwa imeshatangaza kwamba upande wetu wa Ziwa Tanganyika utafungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wapate kuzaliana. Nilikuwa na magunia manne. Mpango wangu ulikuwa kuwatangazia wateja Jumapili jioni, tarehe 12, wapate siku za kujiandaa. Jumapili hiyohiyo kebo za baharini za EASSy na SEACOM zikakatika, intaneti ikadorora nchi nzima. Ukurasa ulikuwa na wafuasi zaidi ya elfu sita. Sikuweza kumfikia hata mmoja. Stetasi ilizunguka, ikazunguka, ikagoma.

Shangazi aliingia chumbani akaniona nimeinamia simu. Akaenda kabatini akarudi na daftari, la tatu sasa, ambalo mimi ndiye ninayeliandika. Meseji za kawaida zilikuwa zinaenda. Tukagawana: yeye akapiga simu kwa wazee wenzake, mimi nikatuma meseji. Niliandika hivi: "Ziwa linafungwa Mei 15 mpaka Agosti 15. Nimebakiwa na magunia manne. Bei ni ileile. Kila mtu kilo mbili ili wengi wapate. Yakiisha sitakuwa na dagaa wa Kigoma mpaka ziwa lifunguliwe."

Mjomba hakufurahi. "Wenzako wanapandisha," aliniambia. "Mzigo huu ukiusubirisha mwezi mmoja unapata mara mbili." Ni kweli, ningepata. Na sitajifanya kwamba sikupiga hesabu. Niliipiga, usiku ule, kwenye kurasa za nyuma za daftari hilohilo. Lakini wale mia tatu na kitu waliokuwa humo niliwapata mmoja mmoja, wengine kwa kuwapigia magoti. Magunia yaliisha siku ya tano.

Miezi ile mitatu niliuza mawese, na niliuza dagaa wa Mwanza kwa jina lao na bei yao. Waliniuliza kwa nini siwachanganyi kama wengine. Niliwaambia ninyi mnawajua kwa ladha, nitamdanganya nani. Stetasi sikuiacha. Mjomba alikuwa ananitumia picha: mitumbwi imevutwa nchi kavu Kibirizi, wavuvi wanashona nyavu, vichanja vitupu vimepangwa kama vitanda. Nami naziweka na maneno mawili matatu. Kwa picha hizo sikuwa nauza kitu. Watu walijibu kuliko walivyowahi kujibu tangazo lolote. Mmoja alisema baba yake alikuwa mvuvi Katonga na hajawahi kumwonyesha mwanawe ufukwe ule.

Agosti 15 ikafika, ziwa likafunguliwa, na simu ikaanza: "Mbona kimya? Ziwa si limefunguliwa?" Nililazimika kuwaeleza jambo ambalo sisi wa Kigoma tumezaliwa tunalijua. Mwezi ulikuwa unakaribia kujaa, ulijaa tarehe 19, na katika mbalamwezi taa haivuti dagaa, wavuvi wengi hupumzika. Subirini giza. Niliwaandikia hivyo, kila siku chache, mwezi umefikia wapi. Wakawa wanaangalia juu na kuniandikia wao.

Mwanzoni mwa Septemba mjomba alituma video ya sekunde kumi na moja. Vichanja vimejaa mpaka ukingoni, mtu anapita katikati akiwageuza kwa mkono, upepo wa ziwa unasikika. Nilimpa shangazi simu, akaitazama mara tatu, kisha akauliza bei ya mwaloni. Nikamwambia. Akapiga hesabu kimoyomoyo, midomo inacheza, akanitajia ya kuuzia. Nikaiandika chini ya video na kuituma kwenye orodha yote.

Jibu la kwanza lilitoka Segerea kabla sijaweka simu chini. "Kilo mbili. Vichwa visivunjike."